Rimoti ya Mzee Sharifu

Siku hiyo nilikuwa sokoni Lushoto, nimekaa nyuma ya plamsi zangu, nagombana na mama mmoja aliyetaka kuziminyaminya zote kabla hajanunua fungu moja. Jua lilikuwa limetoka vizuri baada ya wiki nzima ya ukungu. Simu ikaita, alikuwa mdogo wangu Rahma. Aliniomba nipande nikakae naye kidogo, maana mtoto bado mchanga, arobaini ya mkwe wake ndiyo kwanza imepita, na kazi za nyumba zimemzidi. Nikamwambia nakuja. Nawaambia mapema ili msije mkanisumbua na maswali: niliondoka pale sokoni nikiwa mtu wa kucheka habari za mizimu. Mimi si mwoga, na anayebisha akamuulize mume wangu.

Rahma ameolewa na Abubakari, kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Mlalo. Jina la kijiji nitalimeza, kwa sababu watu wake bado wananunua matunda kwangu. Nyumba waliyokuwa wakikaa ni ya baba yake Abubakari, marehemu mzee Sharifu. Iko ubavuni mwa mlima, na dirisha la sebule linatazama migomba inayoteremka mpaka bondeni.

Mzee Sharifu nilimjua. Mkewe alishatangulia zamani, na tangu hapo alikuwa na vitu viwili tu alivyovipenda: televisheni yake na ukimya. Vitufe vya kwenye televisheni vilishakufa, kwa hiyo bila rimoti haiwaki, haizimiki, haiongezwi sauti. Rimoti ya king'amuzi aliwaachia wenzake. Ile ya televisheni yenyewe alitembea nayo mfukoni mwa koti lake zito la sufu, akienda msikitini nayo, akishuka shambani nayo, asije mtu akaigusa akiwa hayupo. Jamani, mzee huyo! Ukithubutu kuongea wakati wa taarifa ya habari, hakugombezi. Anaitoa rimoti mfukoni, anabonyeza, televisheni inanyamaza, kisha anakutazama mpaka na wewe unyamaze. Ukishanyamaza ndipo anairudisha sauti. Tulikuwa tunamcheka, lakini jikoni, mlango umefungwa.

Alifariki msimu wa baridi. Walimzika siku hiyo hiyo alasiri, pale pale kwenye migomba, karibu na dirisha la sebule. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, lakini nilimwona Abubakari akitoka nyuma ya jeneza amevaa koti la baba yake. Nilishtuka. Katika ukoo wao vitu vya marehemu havivaliwi wala havishikwi mpaka arobaini. Siku hiyo mzee wa ukoo anavitoa kimoja kimoja mbele ya watu, na anayepewa anasema kwa mdomo wake kwamba amepokea. Nilimnong'oneza Rahma, naye akanijibu kuwa nje manyunyu yanakata ngozi, na Abubakari ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea baba yake, angevaa nini. Nikaacha, maana msibani si mahali pa kumsema mtu.

Arobaini ilipofika na mimi nilikuwepo. Mdogo wake marehemu, Babu Abdallah, alikaa kwenye mkeka akagawa. Kiti cha dirishani alikichukua mwenyewe. Koti akampa Abubakari, televisheni ikabaki kuwa ya nyumba. Ilipofika zamu ya rimoti, haikuonekana. Wakatafuta chini ya godoro, wakatafuta kwenye mifuko ya koti, hakuna. Abubakari aliangalia chini muda wote huo, nami nikadhani ni uchungu wa baba yake.

Issa, mdogo wake Abubakari, ni kijana wa masihara. Aliinua simu yake juu, akasema jambo dogo hilo, simu yake ina taa ya rimoti kichwani, inaweza kuendesha televisheni yoyote. Akanyoosha kiganja kitupu mbele ya Babu Abdallah na kusema, "Rimoti nimepokea mimi." Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Babu Abdallah hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kitu hakipokelewi kikiwa bado mkononi mwa mwenyewe. Issa akauliza mwenyewe yupi. Mzee akainua mikono akafunga kwa dua.

Basi nilipopanda kule kumsaidia Rahma, nilimkuta Issa sebuleni anaihangaikia simu yake. Unachagua aina ya televisheni, simu inatuma taa, halafu inauliza kwenye kioo: kifaa kimeitikia? Alijaribu mara nyingi, televisheni kimya. Mwishowe ikawaka yenyewe kwa kishindo cha muziki, Issa akaruka kwa furaha. Alibonyeza "ndiyo," na kuanzia hapo simu ndiyo ikawa rimoti ya nyumba. Tulikaa tukaangalia tamthilia mpaka chai ikapoa. Nyumba ile ilikuwa haijawahi kuwa na kelele tamu kama zile.

Mtoto wa Rahma anaitwa Idrisa. Alikuwa na mapafu huyo! Akilia, kuku wanatoka uwanjani. Rahma alimtandikia mkeka wake karibu na dirisha, pale palipokuwa na kiti cha babu yake, kwa sababu ndipo penye mwanga.

Siku iliyofuata mchana nilikuwa jikoni nakata mboga. Televisheni inaongea, Idrisa analia, mimi najisemea huyu mama yake akitoka kuanika nguo atambeba. Mara vyote viwili vikakatika. Kwa pamoja. Nikashukuru Mungu, nikajua Rahma amefika.

Nilipoingia sebuleni Rahma hakuwepo. Kwenye televisheni mtu alikuwa anatoa habari, midomo inakwenda, na pembeni mwa kioo kile kialama cha sauti kimekatwa mstari. Idrisa alikuwa chali mkekani. Mdomo wazi kabisa. Uso mwekundu. Machozi yanamtiririka mpaka masikioni, kifua kinapanda na kushuka. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote na hakuna sauti.

Nikamnyanyua. Nikampiga mgongoni nikidhani amepaliwa. Nikamgeuza, nikampuliza usoni, wapi. Ghafla televisheni ikarudi kuongea, na kilio cha Idrisa kikatoka hapo hapo, kikanipasua sikio. Nilikaa chini naye.

Nilimwandama Issa kwa maneno. Alikuwa shambani anapiga dawa nyanya, mikono imejaa dawa, na simu yake ilikuwa juu ya meza sebuleni inachajiwa. Hakuna aliyeigusa. Akasema labda ina hitilafu, inajituma yenyewe.

Tulimpeleka hospitali. Alilia kule mpaka wagonjwa wakalalamika, daktari akatuambia mtoto mzima, koo safi. Tukarudi. Alasiri hiyo hiyo televisheni ikanyamaza, naye akanyamaza. Rahma akamhamishia chumbani na kufunga mlango, ukuta mzima ukiwa katikati, na bado haikusaidia. Kila mara ilichukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Tukichomoa waya wa televisheni, mtoto ananyamaza hivyo hivyo, na hatujui ataachiwa lini.

Siku moja Rahma alinishika mkono jikoni. Alikuwa amekonda, amemfunga mtoto mgongoni tangu alfajiri, hathubutu kumlaza mahali popote.

"Dada," alininong'oneza, "siku moja atapaliwa na maziwa usiku, atalia, na mimi nitakuwa nimelala pembeni yake. Asubuhi nitasema, leo mwanangu kalala vizuri."

Niliendelea kumenya viazi huku machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Issa bado alishikilia kuwa ubaya ni wa simu. Alasiri moja alituita sebuleni atuonyeshe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, migomba ya karibu inaonekana, ya mbali haionekani. Televisheni alikuwa ameiwasha. Akaniambia, "Shemeji, washa kamera ya simu yako." Alinieleza kuwa taa ya rimoti haionekani kwa macho ya binadamu, lakini kamera inaiona, na mafundi wote ndivyo wanavyoipima. Akaielekeza simu yake kwangu, akabonyeza. Kwa macho sikuona kitu. Kwenye kioo changu kidoa cha zambarau kikapepesa kichwani mwa simu yake. Akaachia, kikazimika.

"Umeona? Haiwaki mpaka kidole kibonyeze," alisema. "Sasa naizima kabisa. Tukae tuone."

Aliizima, akaiweka sakafuni katikati yetu. Tukakaa. Rahma kampakata mtoto, mimi nimeshika simu yangu na kamera iko wazi. Idrisa alianza kulialia njaa.

Televisheni ikanyamaza.

Idrisa akabaki mdomo wazi.

Simu ya Issa ilikuwa sakafuni, nyeusi, haina uhai. Issa aliitazama, akanitazama mimi. Akaninong'oneza nizungushe kamera chumba kizima. Nikaielekeza kwenye televisheni. Hakuna. Kwenye mlango. Hakuna. Nikaielekeza dirishani.

Ndani ya ukungu, katikati ya migomba, chini kabisa karibu na udongo, kidoa cha zambarau kilikuwa kinapepesa.

Niliishusha simu. Kwa macho palikuwa na migomba tu. Nikaiinua tena. Kidoa kipo. Lakini sasa hakikuwa chini. Kilikuwa kimepanda, kiko usawa wa kiuno cha mtu mzima, pale mfuko wa koti unapokuwa. Na kilikuwa kimesogea kuelekea dirishani.

Issa aliona. Alitoka sebuleni kinyumenyume, akagonga meza, vikombe vikaanguka. Rahma hakuuliza tumeona nini. Alifunga pazia kwa mkono mmoja, akambana mwanawe kifuani mpaka sauti iliporudi.

Abubakari alipofika nyumbani tulimweleza. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema kwamba siku ya mazishi, alipoinama mwanandani kumpokea baba yake, kitu kiliteleza mfukoni mwa koti kikaanguka chini. Alidhani donge la udongo. Wakafukia. Siku ya arobaini, mifuko ilipotafutwa, ndipo alipojua ni nini.

"Ningesema nini, shemeji?" aliniuliza. "Nimfukue baba yangu kwa ajili ya rimoti?"

Nilimsema, tena sana. Kavaa kitu ambacho hakijagawiwa, kakipeleka mpaka kaburini, na aliporudi kakaa kimya mwanawe anataabika. Alilia mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake, mpaka nikanyamaza kwa huruma.

Wakamwita Babu Abdallah. Alikuja na fimbo yake, akasikiliza mpaka mwisho. Alikataa habari ya kufukua, akasema kaburi halichezewi. Kosa liko kwenye neno, akasema. Issa alipokea kitu ambacho mwenyewe bado anacho, kwa hiyo wanagombania. Asubuhi, baada ya dua, Issa aende kaburini na lile koti, aseme kwa mdomo wake kwamba hajapokea. Issa alikuwa ameegemea ukuta, anaitikia kwa kichwa tu.

Hatukuifikia asubuhi. Babu Abdallah alikuwa bado anakunywa chai, jua halijazama, Idrisa akaanza kulia. Kilio kikakatika. Tukangoja kama kawaida. Tukangoja. Mtoto anajikunja, ngumi zimekaza, mdomo wazi, na safari hii hata pumzi sikuisikia. Midomo yake ikaanza kuwa na rangi ya majivu.

Rahma aliinuka, mtoto kifuani. Alilivuta koti kwenye msumari. Aliichukua simu mkononi mwa Issa. Abubakari akamzuia mlangoni, naye akampita bila kumsukuma, na mwanamume akampisha. Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata, miguu ilikwenda yenyewe.

Alisimama kaburini, ukungu umemfika mabegani. Alilitandika koti juu ya udongo, akaweka simu juu ya koti. Halafu akapiga magoti kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi mzee akiwa hai.

"Shikamoo, baba."

Tukasubiri. Migomba ilikuwa inadondosha maji.

"Huyu ni mjukuu wako," Rahma alisema kwa sauti ya chini. "Kama anakupigia kelele, sisi tunaondoka leo. Nyumba yako, televisheni yako, rimoti yako. Hakuna aliyepokea. Mrudishie tu mwanangu sauti yake."

Hakuna aliyeitikia marahaba. Ila ndani ya nyumba, televisheni ambayo tulikuwa tumeichomoa waya ilipaza sauti. Ilipaza mpaka mwisho. Mtangazaji anasoma habari kwa kelele hata vioo vya dirisha vinatetemeka, na Babu Abdallah anasoma aya kwa kelele juu yake. Na kifuani mwa Rahma, Idrisa akavuta pumzi ndefu, akalia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kilio kile. Tulirudi ndani tukikimbia, hatukugeuka nyuma.

Waliondoka kabla giza halijaingia. Walikaa kwangu Lushoto kwa muda, kisha Abubakari akapata kazi ya kupakia mizigo Mombo, wakashuka huko. Nyumba ya kule juu imefungwa. Televisheni imo ndani, na koti na simu hakuna aliyevifuata. Issa yuko Tanga, na hata masihara ameacha.

Mombo joto, ukungu hawaujui. Rahma alikataa katakata televisheni isiingie ndani mwake. Akawa ananipigia mara kwa mara, na nyuma yake namsikia Idrisa anapiga kelele hata majirani wanalalamika, nami nacheka peke yangu sokoni mpaka wateja wananishangaa. Nikasema yameisha. Nikawa nalala vizuri.

Juzi mchana Rahma kanitumia video. Idrisa amesimama! Ameshika stuli ya plastiki mbele ya mlango wao, meno mawili, tumbo nje. Malori ya barabara kuu yananguruma, kuku analia, na sauti ya Rahma mwenyewe, ya furaha, inamwambia, "Mchekee mama mkubwa, mchekee." Na mtoto anacheka. Kainua kichwa nyuma, mdomo wazi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikadhani simu yangu nimeipunguza sauti. Nikaiongeza mpaka mwisho. Malori yakazidi kunguruma, kuku akazidi kulia. Idrisa anacheka, na hakuna kinachotoka. Nadhani kwa makelele ya malori mama yake hajagundua.

Nimeirudia video hiyo, nikijua sipaswi. Nyuma ya mtoto kuna mlango, na mlangoni kuna pazia. Kati ya pazia na fremu, usawa wa kiuno cha mtu mzima, kuna kidoa cha zambarau.

Nimeshika simu tangu juzi nimpigie mdogo wangu, na sijui nitaanzaje. Siku ile Issa alinionyesha kwa mikono yake mwenyewe kuwa taa ya rimoti haiwaki mpaka kidole kibonyeze. Kule kwenye migomba ilikuwa inapepesa. Hii ya Mombo haipepesi. Imewaka tu, imetulia, kama kidole kimebonyeza na hakitaki kuachia, mpaka video inaisha.